Salamu Niliyoiandika Kuwa Jibu

Kosa nitakalolifichua hapa lina jina, nalo ni kuuliza bila kuhitaji jibu. Halimo katika orodha ya makosa yanayofundishwa vyuoni, wala hakuna alama nyekundu iliyobandikwa kwenye betri za kazi yetu kututahadharisha nalo. Nililitenda kila asubuhi kwa miaka mingi, kwa sauti ya upole, na kila aliyenitazama aliniona kiongozi mwangalifu.

Nawaandikia ninyi vijana mliolelewa hapa Toronto, mnaosomea mambo ya mito na samaki, ambao wazazi wenu hunisimamisha nje ya kanisa na kuniomba nizungumze nanyi kuhusu kazi. Najua baadhi yenu mtasoma Kiswahili hiki chote na kunijibu kwa Kiingereza. Si neno. Nimestaafu mapema kidogo kuliko wenzangu, na sababu yake imo humu.

Kazi yetu ilikuwa kuvua kwa umeme, si kwa ajili ya kitoweo. Mtu mmoja hubeba betri mgongoni. Mkononi hushika fito yenye pete ya chuma mwishoni, na nyuma yake waya mnene huburuta majini kama mkia. Akibonyeza swichi, umeme hupita kati ya pete na mkia, na samaki aliye karibu hulegea kwa muda mfupi. Wenzake humdaka kwa nyavu zenye mipini isiyopitisha umeme, wakampima, wakamhesabu, wakamrudisha majini akiwa hai. Kwa hesabu hizo wenye mamlaka hujua kama kijito kinapona au kinakufa, na ni mwezi gani daraja linaweza kujengwa bila kufukia mayai. Ni kazi yenye manufaa. Lakini umeme unaomlegeza samaki haumbagui binadamu, na kwa hiyo kazi hii, kuliko nyingi nizijuazo, humtaka mtu awe mkweli kabla hajalowa miguu.

Aliyenifundisha ni Gordon, mzee mwenye maneno machache, mzaliwa wa hapa hapa Ontario. Siku ya kwanza aliniambia kwamba sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika ukiwa na viatu vikavu. Sikumwelewa. Akanipeleka kwenye bonde moja siku moja kabla ya kuvua, tukatembea kando ya maji kutoka mwanzo wa eneo letu hadi mwisho wake, kisha akaniuliza gari la wagonjwa litaingilia wapi. Nikamwonyesha geti, kwa fahari ya mtu aliyetoka chuoni. Akasema, kalifungue. Nilikuta kufuli. Nikarudi, naye alikuwa ameketi juu ya gogo akila mkate wake wa yai, akaumaliza wote kwanza, ndipo akauliza kama lile kufuli nalo lina diploma. Tangu siku hiyo sijapanga kazi yoyote bila kutafuta ufunguo wa kila geti, na bila kuandika juu ya kifuniko cha ndoo majina ya barabara mbili zinazokutana karibu nasi, kwa sababu bondeni hakuna namba za nyumba, na mtu mwenye hofu husahau hata barabara anayoishi.

Alinifundisha pia kujaribu glavu. Usiitazame tu. Ikunje mdomo hewa inaswe ndani, ibane, uisogeze shavuni. Shavu husikia tundu ambalo jicho halilioni. Alinifundisha kuanza na umeme mdogo kabisa na kupanda taratibu. Kutangaza kwa sauti kabla ya kubonyeza na kungoja kila mmoja aitike. Kuacha kazi mvua inapoanza, hata kama imebaki hatua kumi. Na swichi ile, alisema, imetengenezwa ikatike kidole kikilegea, maana aliyeitengeneza alijua kwamba siku moja mshikaji ataanguka.

Sikuwa mwanafunzi mwepesi. Barabara za jiji hili humwagiwa chumvi majira yote ya baridi, na theluji inapoyeyuka chumvi hiyo huteremkia vijitoni. Na maji yenye chumvi hupitisha umeme kwa wepesi wa kutisha. Katika mwaka wangu wa pili wa kazi nilipima maji upande wa juu wa daraja, nikaridhika, kisha nikavua upande wa chini, ambako bomba la barabarani lilikuwa likimwaga. Tulitoa samaki wenye alama nyeusi mgongoni, wengine wamepinda uti. Gordon hakunifokea. Alichukua mmoja, akaniwekea kiganjani, akaniambia nimshike mpaka aache kutikisika. Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani. Pimeni pale mtakaposimama, wanangu, si pale palipo rahisi kusimama.

Gordon alipostaafu nilirithi kikosi chake na daftari lake. Miaka kadhaa baadaye akajiunga nasi Pius.

Pius alikuwa Mtanzania mwenzangu, nimemzidi umri kwa kama miaka kumi. Alikuwa na shahada ya uvuvi kutoka nyumbani, na kwa miaka sita shahada hiyo ilikuwa ndani ya bahasha huku yeye akipanga maboksi ghalani Brampton. Alipopata mkataba wa msimu kwetu, alikuwa akiendesha gari kutoka kwake Pickering alfajiri na kufika kabla yangu. Alijua samaki kwa namna ambayo vitabu haviwezi kufundisha. Alimtambua kwa jinsi anavyogeuka. Ofisi ilikuwa imeahidi kwamba, msimu ukiisha salama, nafasi ya kudumu itakuwa yake. Nilimpenda kama mdogo wangu, na hapo ndipo hatari ilipoanzia.

Kanuni zetu zilimtaka kiongozi, kila asubuhi, amuulize kila mtu kuhusu afya yake: moyo, kizunguzungu, dawa anazotumia, usingizi. Mwenye tatizo lolote la moyo haingii majini siku hiyo, na huenda asiingie tena. Mtu wa tatu katika kikosi, Joanne, ambaye hakujua Kiswahili, alishika fomu na kuweka alama. Nami nilimuuliza Pius kwa Kiswahili, kwa sababu ilinipa raha kusikia lugha yangu bondeni, chini ya ndege zinazoshuka kuelekea uwanjani.

"Habari za asubuhi, Pius?"

"Nzuri, kaka. Shikamoo."

"Marahaba. Afya?"

"Tunamshukuru Mungu."

Joanne alikuwa akiniuliza amesema nini. Nami nilimjibu kwamba ni mzima. Akaweka alama nne kwa mpigo: moyo, kizunguzungu, dawa, usingizi.

Tafakarini hapo. Sisi ni watu tunaoweza kusema "nzuri" kwanza, kisha ndipo tukatangaza msiba. Desturi hiyo ina heshima yake. Humpa msikilizaji nafasi ya kuketi kabla ya kuangushiwa habari. Lakini inataka mtu wa pili awe na subira ya kungoja kile kinachofuata baada ya "nzuri". Mimi sikungoja. Nilichukua mlango wa mazungumzo nikauandika kuwa nyumba. Tena mimi mkubwa nilimuuliza mdogo wangu mbele ya mgeni, dakika tano baada ya kuvaa mavazi ya mpira yafikayo kifuani. Ni mdogo gani aliyelelewa vizuri angenijibu, la, kaka, mimi ni mgonjwa?

Siku ninayoisimulia ilikuwa ya mwisho katika kibali chetu cha kuvua. Mvua ilikuwa imetufukuza bondeni wiki tatu mfululizo, na baada ya siku hiyo samaki wangeanza kutaga na kijito kingefungwa kwetu. Tulikuwa nyuma ya maghorofa ya Dixon, mahali ambapo njia ya waenda kwa miguu inapita karibu sana na maji. Kwenye benchi alikuwa ameketi mama mmoja mzee, mwembamba, amevaa sweta ya kijivu na raba za kitambaa. Nilimwona Mhindi kwa sura, nikamwendea, nikamweleza kwa Kiingereza, bila tabasamu, kwamba akae mbali na ukingo. Kwamba mtu asiyevaa mpira akiingiza hata kidole majini, sheria inanizuia kuwasha umeme, na kazi ya siku nzima inaharibika.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanijibu kwa Kiswahili cha Dar es Salaam, kilichonyooka kuliko changu.

"Sawa, baba. Ila Kiswahili chenu nakisikia tangu mlipoteremsha ndoo. Na huyo mwenzio wa Kiswahili, midomo yake imepauka."

Niliona haya kwamba sikumwamkia, na haya yangu ikageuka ukali, kama kawaida ya haya ya wanaume. Nilimwambia kwamba mwenzangu ameshaulizwa, yuko salama. Akarudi kwenye benchi lake.

Tulivua. Mimi nilibeba betri, Pius alikuwa kushoto kwangu na wavu, Joanne nyuma na ndoo. Katika dimbwi la pili, wavu wa Pius ulinipotea machoni. Nikageuka, nikamwona akipiga magoti taratibu, kama mtu anayesali, maji yakimfika kifuani. Niliachia swichi na kutangaza kwamba umeme umekatika. Tulimkokota mimi na Joanne mpaka kwenye kokoto. Alifumbua macho. Alisema ameteleza tu, kaka, nzuri tu, samahani.

Daftari la Gordon lilisema kwamba mtu akianguka, kwa sababu yoyote, kazi ya siku hiyo imekwisha. Niliijua sentensi hiyo kwa moyo. Lakini zilibaki hatua arobaini, na kibali kilikuwa kinaisha jioni ile. Nikajiambia kwamba mawe yana utelezi. Nilimwambia Pius apumzike ukingoni kwa dakika kumi, anywe maji, kisha atatushikia ndoo. Akaitikia. Akaketi huku miguu yake ikiwa bado majini. Mimi na Joanne tukarudi katikati ya kijito, nikainua fito, nikatangaza kwamba nawasha, nikangoja waitike.

Nilisikia maji yakichanwa nyuma yangu. Yule mama alikuwa ameingia kijitoni na raba zake za kitambaa, akasimama mbele ya Pius, maji yakimfika juu ya vifundo.

"Si umesema mtu asiye na mpira akiwa majini, huwashi?" akasema. "Haya. Mimi nimo. Washa."

Nilimsihi atoke. Maji ya majira yale yana baridi ya kukata mifupa, naye alikuwa mtu mzima.

"Nitatoka mwenzio akishaulizwa."

"Ameulizwa, mama. Amesema ni mzima."

Alikuwa ameshamshika Pius kifundo cha mkono, vidole viwili juu ya mshipa, na ndipo nilipotambua kwamba mikono ile ilikuwa ya muuguzi. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wake.

"Baba, mimi sikuulizi habari," alisema. "Mara ya mwisho kuanguka kabla ya leo ilikuwa lini?"

Pius alinitazama.

"Usimtazame yeye. Nitazame mimi."

"Jumapili," Pius alisema. "Kanisani. Na juzi kwenye ngazi, lakini nilishika ukuta."

"Mkeo anajua?"

"Hajui."

"Na daktari?"

"Alinipa kifaa cha kupima moyo, nikivae kifuani siku tatu. Nimekiacha nyumbani." Akayatazama maji. "Hakitakiwi kulowa."

Joanne aliomba nimtafsirie, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze kufanya kazi pamoja nilimtafsiria neno kwa neno. Alikuwa ameshatoa simu kabla sijamaliza, akisoma majina ya barabara kutoka kwenye kifuniko cha ndoo. Mimi nilikimbia kufungua geti. Gari la wagonjwa lilifika hadi majanini. Moyo wa Pius ulisimama mlangoni mwa hospitali, mbele ya watu wenye mashine na ujuzi, wakaurudisha. Kama ungesimama kijitoni, katika hatua zile arobaini, angekuwa na mimi na Joanne tu.

Je, ulikuwa umeme? Daktari hakuweza kusema. Vipimo vyetu havikuonyesha hivyo, na glavu zake hazikuwa na tundu. Sitajificha nyuma ya vipimo.

Sasa naja kwenye sehemu ambayo ningependa kuiruka. Kesho yake niliandika ripoti. Niliandika kwamba mfanyakazi aliulizwa asubuhi kuhusu afya yake na akathibitisha kuwa ni mzima. Fomu ya Joanne ikaambatishwa, na alama zake nne. Hakuna mtu ambaye angeweza kunionyesha neno moja la uongo humo. Baada ya majuma mawili ofisi ilimwandikia Pius kwamba alificha ugonjwa, akahatarisha wenzake, na kwamba hatapewa tena kazi yoyote kwao, iwe majini au nchi kavu. Barua ile ingemfuata kila mahali ambapo samaki huhesabiwa katika nchi hii.

Nilikwenda Pickering kumtembelea. Mkewe, Consolata, alinikaribisha chai na hakuketi. Pius alikuwa na uvimbe mdogo chini ya bega, mahali walipomwekea kifaa cha kulinda moyo. Mwenye kifaa hicho haruhusiwi tena kukaribia mashine yetu. Nilimuuliza, kwa uchungu wa mtu anayetaka kusamehewa, kwa nini hakuniambia.

"Kaka, ulitaka nikujibu nini?" alisema. "Umenisalimia, nimekuitikia. Ungeniuliza ningekwambia. Au pengine nisingekwambia, sijui. Lakini hukuniuliza."

Kisha akaniomba radhi kwa kunijibu hivyo, na ombi lile la radhi ndilo lililoniuma zaidi.

Nilirudi Dixon nikakusanye vigingi vyetu vya alama. Yule mama alikuwa kwenye benchi lake. Safari hii nilimwamkia. Aliniuliza hali ya mgonjwa, nami nikamweleza yote, hata ripoti, nikidhani atanipa pole. Alinieleza kwamba alikuwa muuguzi kwa miaka thelathini, kwanza Dar es Salaam, kisha hapa, na kwamba huko alikojifunza kazi, mwanafunzi aliyeandika "mgonjwa anasema hajambo" alirudishwa wodini akaulize tena.

"Siku ile nilikusikia," alisema. "Ulimsalimu. Mtu akisalimiwa, anajibu salamu. Andika hivyo."

Nilimwambia kwamba nikiandika hivyo nitanyang'anywa kikosi.

"Huenda. Yeye ameshanyang'anywa chake."

Ripoti ya pili ilinichukua siku nne, ukurasa mmoja. Niliandika maneno ya salamu yetu kama yalivyosemwa, na tafsiri yake, na kwamba hakuna hata swali moja kati ya manne lililoulizwa. Niliandika kwamba nilimketisha ukingoni mtu aliyeanguka na kutaka kuendelea, kinyume na daftari nililorithi. Barua ya Pius iliondolewa kwenye faili. Kikosi changu nilinyang'anywa, kwa haki, nikapewa meza na dirisha linalotazama maegesho ya magari, na kwa miaka iliyobaki nilipanga kazi ambazo wengine walikwenda kuzifanya. Pius alirudi Brampton kwenye maboksi. Jina lake lilikuwa safi, lakini mito ilikuwa imefungwa kwake, na jina safi halina maji ndani yake. Hanipigii simu. Mimi humpigia sikukuu. Hupokea Consolata, na husema hawajambo.

Pale mezani nilibadilisha jambo moja tu, na ndilo ninalowaachia. Kila mtu aulizwe peke yake, mbali na wenzake, kabla ya kuvaa mpira. Msiulize kama ni mzima. Ulizeni ameamka saa ngapi, amemeza nini, ni lini mara ya mwisho dunia ilimzunguka. Ulizeni swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa adabu, kisha mnyamaze mpaka aliyeulizwa aone aibu ya kunyamaza naye. Na ajuaye kwamba hawezi kumrudisha mtu nyumbani siku ya mwisho ya kibali, asiulize kabisa, akatafute kazi nyingine.

Ripoti ile ya pili ilikuwa na nafasi ya shahidi. Nilipoifikia kalamu ilisimama, kwa kuwa yule aliyeingia kwenye maji ya baridi kwa ajili ya ndugu yangu, na akanibana mpaka nikasema kweli, sikuwahi kumuuliza anaitwa nani. Nilirudi bondeni asubuhi na karatasi. Alikuwepo. Niliuliza, nikangoja. Akavaa miwani, akaichukua kalamu mkononi mwangu, akaandika mwenyewe, kwa herufi za kiuguzi ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma: Ermelinda.